Ndege Anayewabebea Watoto Maji



Mwezi wa pili nilipata ruhusa ya kutoka hapa Kakuma siku kumi. Nilienda kama msaidizi wa mpishi wa wageni waliotaka kuangalia ndege katika Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi. Tulipita Lodwar mpaka Kalokol, tukavuka Ziwa Turkana kwa mashua hadi ng'ambo ya mashariki. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1997 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia.

Kwa kweli ni jangwa kama letu: mawe, miiba, na upepo wa kung'oa hema. Lakini ndege, jamani! Ufukweni kuna heroe, mwari, na vitwitwi waliokimbia baridi ya Ulaya.

Siku ya kwanza tulipiga hema kando ya dimbwi, ili kuchota maji isiwe taabu. Kesho yake asubuhi likaja kundi la firigogo, ndege wa ukubwa wa njiwa, rangi ya mchanga. Wakatuzunguka mara moja, mara mbili, wakaenda zao bila kunywa. Mimi nikacheka. Mzee aliyetuongoza hakucheka. Akasema, "Mwanangu, huenda wale wana watoto. Hamisheni hema."

Akatueleza: firigogo dume huingia majini akalowesha manyoya ya tumbo. Manyoya yale hushika maji kama sponji. Halafu huruka kilomita nyingi mpaka kwa vifaranga ambao bado hawawezi kuruka, nao hunywa kwa kuyanyonya.

Tukahamisha hema mbali. Asubuhi iliyofuata tulikaa kimya nyuma ya mawe, na wakatua. Dume mmoja alibaki majini baada ya wenzake kunywa, akijitikisa-tikisa tumbo. Aliporuka, nilimfuata kwa macho mpaka akapotea.

Hapo nikakumbuka foleni ya bomba letu. Mara ngapi nimeweka jerikani zangu nne mbele, na nyuma yangu kuna mama aliyeacha mtoto peke yake nyumbani? Sikuwa na ubaya. Nilikuwa tu nimepiga hema langu kwenye maji.

Siku hizi naulizia kwanza nani ana mtoto nyumbani. Na ninyi watoto, amkeni mapema, kaeni kimya, mwangalie ndege wa hapa kwetu. Msiwarushie mawe. Pengine yule ni baba wa mtu.