Sepuka na Safari za Hasheem Thabeet

Msafiri aingiaye Sepuka, Wilaya ya Ikungi, wakati wa mavuno hukuta alizeti zimetandazwa uani juu ya maturubai, zikipigwa kwa fimbo mpaka mbegu zipukutike. Hicho ndicho kipindi ambacho vijana wengi hukata shauri. Shamba limetoa kilichomo, na mvua haitarajiwi mpaka mwisho wa mwaka. Huondoka kwenda Dodoma, Dar es Salaam au machimbo ya dhahabu.

Baadhi yao hurudi mikono mitupu, wakapokewa kwa swali moja: "Muda wote huo ulikuwa unafanya nini?" Wengine, kwa kuliogopa swali hilo, hawarudi kabisa. Wazazi huja msikitini kutuomba tuwaulizie watoto wao kwa waumini walioko mijini.

Ndugu msomaji, safari ya namna hiyo, kwa kipimo kikubwa zaidi, imesafiriwa na Mtanzania mwenzetu. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Kimo chake cha zaidi ya mita 2.2 kilimsaidia kufika Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani. Mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua, akiwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya wa NBA; Stephen Curry alichaguliwa wa saba. Hakuna Mtanzania aliyemtangulia katika ligi hiyo.

Kisha yakaja mapito. Msimu wake wa kwanza haujaisha, alishushwa kwa muda ligi ya chini, katika timu ya Dakota Wizards. Baadaye akapitia Houston, Portland na Oklahoma City. Tangu mwaka 2014 hakucheza tena NBA. Akaenda Yokohama, Japani, na baadaye Hsinchu, Taiwan.

Wapo wamtajao kwa kejeli, kwamba aliteuliwa juu akaangukia chini. Hao hawajaitazama kazi yenyewe. Mchezaji wa mkataba hufanana na kibarua wa msimu: timu huweza kumbadilisha kwa mwingine bila kumtaka shauri, na kila ahamiapo huanza upya kwa kocha mgeni, lugha ngeni na chakula kigeni. Aliyehesabiwa kuwa amekwisha alikuwa bado uwanjani Hsinchu akiwa amevuka miaka 30, akila jasho lake.

Basi wazazi wa Sepuka na kwingineko, kumalizika kwa kibarua si kumalizika kwa mtu. Kijana arudipo, apewe maji ya kuoga na chakula, aulizwe afya yake kabla ya fedha zake. Akitaka kuondoka tena, aagwe kwa dua. Akitaka kubaki, aonyeshwe sehemu yake ya shamba kabla mvua hazijaanza.