Swali la Nikodemo

Katika ushirika wetu wa Kiswahili hapa Australia, wengi tulifika tukiwa na viza mkononi, tukapokewa uwanjani. Lakini wapo ndugu walioomba ulinzi wakiwa tayari ndani ya nchi. Ombi lao likikataliwa na serikali, huenda kwenye baraza linalopitia maamuzi. Na baraza nalo likikataa, hubaki mahakama.

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Kivu, alifika hapo. Baraza liliandika kwamba maelezo yake hayaaminiki. Sheria humpa mtu siku 35 tangu tarehe ya uamuzi kupeleka shauri, naye siku za kwanza alikaa kimya nyumbani, maana aliona ameitwa mwongo. Mama mmoja wa kwaya akampelekea chakula, akaikuta barua mezani. Jioni ile tuliisoma pamoja, na wazee wakaanza kutafuta mwanasheria. Shauri liliingia zikiwa zimesalia siku mbili.

Mwanasheria alitueleza jambo ambalo wengi hawalijui. Jaji haamui kama mtu ni mkimbizi. Hasikilizi upya habari yote ya vita na kukimbia. Anachotazama ni kama uamuzi ulifuata sheria: je, mwombaji alipewa nafasi ya haki ya kusikilizwa? Je, dai lake kubwa liliachwa bila kuangaliwa? Akiona kosa zito la kisheria, hatoi viza. Hulirudisha jambo kwa baraza liamuliwe upya. Asipoliona, shauri hutupwa, na mwombaji anaweza kuamriwa kulipa gharama za Waziri.

Baadhi yetu tulivunjika moyo. Mahakama gani hii isiyouliza kama mtu alikimbia kifo? Ndipo tukamkumbuka Nikodemo katika Yohana sura ya 7. Makuhani na Mafarisayo walipotaka Yesu akamatwe, Nikodemo hakusimama kuthibitisha kwamba ndiye Masihi. Aliuliza tu kama torati humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Walimdhihaki, lakini swali lake lilikuwa la haki.

Swali hilo limelindwa hata hapa. Mwaka 2003 mahakama ya juu kabisa ya Australia iliamua kwamba Bunge haliwezi kuufunga mlango huu pale ambapo uamuzi umevuka mipaka ya sheria. Aliyeleta shauri lile alikuwa mwombaji ulinzi, anayejulikana kwa herufi na namba tu: S157. Sheria inakataza mahakama kutangaza majina ya waombaji hawa, yasije yakawafikia wanaowatafuta. Ndugu yetu naye ni herufi na namba kwenye orodha ya mahakama. Jumapili tunamwita kwa jina lake, kimya kimya, katika maombi.

Bado anasubiri. Tumemwambia kwamba jaji akikataa, hatakuwa amesema yeye ni mwongo. Atakuwa amesema tu kwamba hakuona kosa la sheria. Mungu alimsikia tangu Kivu, nasi tunamwamini.

Wapendwa, ukipokea barua ya kukataliwa, usiifiche chini ya godoro kwa aibu. Tazama tarehe, kisha uilete kwetu siku hiyo hiyo. Tutaisoma pamoja, tutaomba pamoja, na asubuhi tutakusindikiza kwa mwanasheria.