Kilo zangu 104 na baiskeli iliyonikataa

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, walisema wahenga. Nami naongeza kwamba siri ya mtu mnene aijuaye ni kiti anachokalia. Sisi wenye miili mikubwa tuna mazoea ambayo hatumwambii mtu. Kiti cha plastiki arusini twakitikisa kwanza kabla ya kukikalia. Kwenye matatu twangojea kile cha mbele, hata kama ni kungojea nusu saa. Na picha ya familia ikipigwa, twasimama nyuma ya watoto.

Mimi nimeishi hivyo kwa miaka mingi na kuyaona kuwa mambo ya kawaida, hadi jioni moja nilipomwambia binti yangu wa miaka 11 kwamba likizo ingekuwa wakati mzuri wa kujifunza baiskeli. Alinijibu kwa sauti ya chini kwamba hataki. "Wanene hawaendeshi baiskeli, mama," akasema.

Nilimwuliza ni nani aliyemwambia hivyo. Hakunijibu. Alinitazama tu, nami nikafahamu kwamba hakuwa ameambiwa na mtu yeyote. Alikuwa ameniona mimi.

Msomaji asiyeujua mji wetu wa Eldoret huenda asielewe uzito wa jambo hili. Hapa ndipo wanariadha wanapopita alfajiri wakiwa wembamba kama mikuki, na ukielekea Iten unalakiwa na lango lililoandikwa kwamba umefika nyumbani kwa mabingwa. Tangu Agosti 15, 2024, Eldoret imekuwa jiji, lakini macho ya watu wake hayajabadilika. Katika mji wa wakimbiaji, mama mwenye kilo 104 akivaa viatu vya mazoezi huonekana kama mtu aliyekosea njia.

Hata hivyo, nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikuwa nimemweleza binti yangu. Miezi mitatu kabla ya jioni hiyo, daktari alikuwa amepima damu yangu na kuniambia kwamba sukari imeanza kupanda. Haijawa ugonjwa bado, akasema, ila iko mlangoni. Alinishauri nipate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa watu wazima. Kukimbia nisijaribu, kwa ajili ya magoti. Kuogelea au baiskeli kungefaa, kwa kuwa huko mwili hubebwa na maji au na kiti, wala si na magoti. Baba yangu alifariki mwaka 2017 baada ya kusumbuliwa na maradhi hayo hayo ya sukari. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Baiskeli ya baba

Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha, kule Moiben, katikati ya miaka ya 1990. Alikuwa na baiskeli ile nyeusi ndefu ambayo Wakenya huiita Black Mamba. Wazee wa kijiji walizijua kwa majina ya viwanda vyake: Raleigh ya Uingereza, Hero ya India, Phoenix ya China. Zote zilifanana: fremu ya chuma kizito, breki za fimbo badala ya waya, keria pana nyuma na gia moja tu. Kwa kuwa miguu yangu haikufika, niliupenyeza mmoja chini ya bomba la fremu na kuendesha nikiwa nimejipinda kama mtu anayechungulia dirishani. Nilianguka mara nyingi. Siku niliyofika kituo cha maziwa bila kuanguka, baba aliwaeleza watu wote waliokuwa foleni.

Nilipoingia shule ya upili niliiacha. Msichana mkubwa kuonekana juu ya baiskeli halikuwa jambo lililopendeza kijijini kwetu. Kisha yakaja chuo, kazi ya kukaa, watoto wawili, chipsi za jioni na uchovu. Miaka 20 ikapita.

Hivyo nilipoamua kurudi, nilinunua kwa macho. Katika duka moja mjini niliona baiskeli nyekundu inayong'aa, yenye gia 21, na springi mbili, moja mbele na nyingine katikati ya fremu. Muuzaji aliniambia hizo springi zitaulinda mgongo wangu. Sikumwuliza itabeba kilo ngapi, kwa kuwa kumwuliza hivyo kungenilazimu kuzitaja kilo zangu. Aibu ile ya dakika moja ndiyo iliyonigharimu shilingi 16,000.

Siku ya nne nilitoka Pioneer kwenda mjini kwa Barabara ya Kapsabet. Kuteremka hadi Mto Sosiani kulikuwa raha tupu. Nilipoanza kupanda ng'ambo ya pili, nikisukuma pedali kwa nguvu zangu zote, nilisikia mlio kama wa waya wa gitaa kukatika. Kisha mwingine. Gurudumu la nyuma likaanza kuyumba na kusugua breki hadi likakataa kabisa kuzunguka. Vijana wa pikipiki waliokuwa stejini walicheka. "Mama, baiskeli imekataa mzigo!" mmoja akapaza sauti.

Nilishuka nikaiinua nyuma na kuisukuma kwa gurudumu la mbele, nikilia huku nimeinamisha uso ili nionekane nimeshughulika. Nilikuwa nimeamua: nitaiuza, na binti yangu alikuwa amesema kweli.

Somo la fundi

Fundi niliyempelekea ni mzee anayefanya kazi chini ya bati karibu na soko. Niliwahi kumtangulia kwa utani, kama tufanyavyo watu wanene, tukijicheka wenyewe kabla hatujachekwa. "Mzee, nimeivunja kwa uzito wangu," nikasema.

Hakucheka. Aliipindua baiskeli juu chini, akalizungusha gurudumu, akazihesabu spoki kwa kidole. "Mama," akasema, "si wewe uliye mzito. Gurudumu hili ndilo jepesi."

Kisha akanionyesha. Gurudumu la nyuma lilikuwa na spoki 28, tena nyembamba na zilizolegea. Akaniita kwenye Black Mamba ya mteja mwingine iliyoegemezwa ukutani, akaniambia nihesabu mwenyewe. Mbele nilipata 32, nyuma 40. Waliounda baiskeli zile walijua kwamba sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji, pamoja na mzigo wote wa keria, hukaa juu ya gurudumu la nyuma, na kwa hivyo wakaliongezea nguvu.

Alinieleza pia kwa nini spoki hukatika. Kila gurudumu linapozunguka, spoki hulegezwa kidogo inapofika chini na kukazwa tena inapopanda. Ikiwa imekazwa vyema, badiliko hilo ni dogo. Ikiwa imelegea, huchezacheza kila mzunguko, hadi ikatike kama waya unaoukunja na kuukunjua kwa vidole. Baiskeli inapotoka kwenye sanduku la kiwandani, aghalabu spoki zake hazijakazwa sawasawa. Mtu wa kilo 60 anaweza kuvumiliwa kwa muda mrefu. Mtu wa kilo 104 hujua ndani ya wiki.

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema. Baba alikuwa na kilo kama 75. Mikebe miwili ya maziwa, kila mmoja lita 20, ilizidi kilo 40. Nami niliyekaa mbele juu ya bomba nilikuwa kama kilo 25. Jumla ni kilo 140, kila asubuhi, katika barabara ya udongo. Na si baba peke yake. Biashara ya bodaboda iliyoanzia mpakani Busia miaka ya 1960 ilikuwa ya baiskeli, muda mrefu kabla ya pikipiki kutapakaa. Mwendeshaji alimbeba mtu mzima kwenye keria, na mara nyingine mtu huyo alipakata gunia. Basi ni nani aliyenidanganya kwamba baiskeli haiwezi kubeba mtu kama mimi?

Jinsi nilivyochagua

Ile nyekundu niliiuza kwa hasara, nikimweleza mnunuzi kasoro yake. Kisha nikaanza kutafuta upya, mara hii nikiuliza maswali. Nayaandika hapa kwa faida ya msomaji mwenye mwili kama wangu.

Kwanza, taja kilo zako. Baiskeli nyingi za kawaida huwekewa na watengenezaji kikomo cha kati ya kilo 100 na 120, na mara nyingi hesabu hiyo ni ya mtu pamoja na mizigo yake. Muuzaji asipojua, hesabu spoki. Fundi wangu hakubali chini ya 36 nyuma.

Pili, epuka springi za bei rahisi. Ile ya katikati ya fremu hudidimia kila unapokanyaga pedali, na nguvu zako huishia humo badala ya kwenda barabarani. Tairi pana hufanya kazi bora ya kupunguza mitikisiko. Lakini lijazwe upepo wa kutosha, kwani mtu mzito akipanda tairi lililolegea, tyubu hubanwa kati ya rimu na jiwe ikatoboka.

Tatu, usivutwe na kumbukumbu. Nilitamani sana kununua Black Mamba kwa heshima ya baba. Fundi alinizuia. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya moja kwa tano ikilinganishwa na Mombasa. Kupanda kutoka Sosiani kwa gia moja, kwa moyo uliokaa kitini miaka 20, ni kujitafutia balaa. Nilihitaji gia nyepesi ya kupandia mlima.

Nne, angalia breki. Mwili mkubwa ukishika kasi mteremkoni hauzuiliwi na raba zilizolika.

Mwishowe nilichukua baiskeli ya mtumba: fremu ya chuma yenye bomba lililoshuka ili niweze kupanda hata nikiwa na sketi, magurudumu ya inchi 26 ambayo kwa udogo wake ni imara kuliko yale ya 28, gia 18, na hakuna springi hata moja. Fundi alilisuka upya gurudumu la nyuma kwa spoki 36 nene. Kiti alikipandisha hadi nilipoweza kuunyoosha mguu kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa. Nilikuwa nimekiweka chini sana, kama waoga wote tufanyavyo, na ndiyo maana magoti yalikuwa yakiniuma. Pamoja na kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, nilitumia shilingi 19,500.

Huu ni mwezi wa saba. Msomaji asitarajie miujiza: nina kilo 99. Sukari imeshuka kidogo, na daktari ameniambia niendelee. Barabara ya Uganda siijaribu, kwa sababu malori yake hayana huruma kwa mnene wala mwembamba. Huenda zaidi Elgon View, kwenye vichochoro vyenye miti, siku nne kwa wiki. Vijana wa stejini bado wapo. Mmoja wao hunipungia mkono. Mwingine bado hucheka, nami nimegundua kwamba kicheko hakikati spoki.

Binti yangu hakusema lolote kwa wiki nyingi. Alikuwa akinitazama nikitoka na nikirudi, akanisaidia kuipangusa matope. Jumamosi iliyopita tulipita mbele ya duka la baiskeli, akaniachia mkono. Nilipogeuka nilimkuta amechutama kando ya baiskeli ndogo ya buluu, kidole chake kikipita kutoka spoki moja hadi nyingine, midomo ikicheza. Muuzaji alikuwa akimtazama kwa mshangao.

"Thelathini na sita, mama," akasema. "Hii inaweza."