Rafiki Aliyebebwa na Imani ya Wenzake

Mara nyingi vijana tunapokutana katika ibada huulizana swali hili: je, Mkristo amsaidieje rafiki yake amkaribie Mungu? Majibu huwa ni yale yale. Mhubirie. Mwalike kwenye mkutano. Mpe Biblia asome. Sina ugomvi na majibu hayo, ila yote yanamtaka huyo rafiki awe na masikio ya kusikia. Yuko rafiki ambaye masikio yake yamezibwa na uchungu, na huyo ndiye ninayetaka kuzungumza habari zake.

Katika bweni letu yumo kijana mmoja ambaye jina lake silitaji. Kwao ni Nyatike, Kaunti ya Migori, upande wa Macalder, pale ambapo dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni na ambapo hadi leo watu huteremka mashimoni kwa kamba na tochi ili wapate karo ya watoto. Baba yake alikuwa miongoni mwao. Tulipokuwa kidato cha pili, shimo liliporomoka. Yeye aliitwa ofisini, akapewa ruhusa, akaenda kuzika.

Aliporudi hakuwa yule tuliyemjua. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya besi, tena besi ya kutikisa madirisha, lakini sasa nyimbo zilipoanza alisimama kimya kama mlingoti. Tulipofumba macho kuombea chakula, yeye alikuwa akiitazama sahani yake tu. Usiku mmoja aliniambia, "Nyasaye wenu hasikii, bwana. Mama aliomba usiku kucha." Alisema "wenu", na neno hilo lilinikosesha usingizi.

Wahubiri walimjia, tena wengi. Wengine walimrushia mistari ya Biblia mbio mbio kama makanga wanaogombania abiria pale Rongo. Mmoja, wala simtaji, alimwambia mbele ya watu kwamba pengine iko dhambi nyumbani kwao ambayo haijatubiwa. Ajabu ni kwamba kisa hicho kimo katika Biblia yao hiyo hiyo. Marafiki wa Ayubu walipomwona katika mateso, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walikuwa marafiki kweli. Balaa ilianza walipofungua vinywa.

Lakini habari iliyonisaidia zaidi ni ile iliyomo katika Injili ya Marko, sura ya pili, ya mtu aliyepooza kule Kapernaumu. Watu wanne walimbeba. Mlangoni hapakupitika kwa msongamano, basi wakapanda juu, wakatoboa paa na kumteremsha pamoja na kitanda chake. Isome polepole uone. Mgonjwa mwenyewe hasemi kitu. Haombi, haungami, hata hatuambiwi kama alitaka kuletwa. Na Marko anasema kwamba Yesu aliitazama imani yao. Yao! Nilipolitambua neno hilo nilifunga kitabu. Kumbe mtu anaweza kukosa imani kwa muda, na wenzake wakawa nayo kwa ajili yake, mpaka atakapoweza kusimama tena.

Basi likizo ya Agosti tukaenda kwao, watu watatu. Mimi ni Mkatoliki kutoka mjini Homa Bay. Mwenzangu mmoja ni Msabato wa Kendu Bay, na wa tatu ni Mkuria wa karibu na Isebania, wao ni Wapentekoste. Wengine walitucheka, ati dini tatu zinakwenda kuombea boma moja. Tulishuka hadi Rongo, tukashika gari la Awendo kupitia mashamba ya miwa, tukafika Migori, na kutoka hapo vumbi tupu hadi Macalder. Mimi sikujiona mgeni sana, maana Jimbo Katoliki la Homa Bay, lililomegwa kutoka Jimbo la Kisii mwaka 1993, linajumuisha Migori pia.

Tulifanya nini huko? Tuliteka maji. Tulipukuchua mahindi ya mama yake hadi vidole vikatoka malengelenge. Tulitengeneza ua la mbuzi. Na hapo tofauti za madhehebu zikageuka baraka. Jumamosi Msabato wetu alikwenda kwenye ibada, na sisi wawili tukafanya kazi. Jumapili sisi tulikwenda kanisani, yeye akashika ndoo. Mama alicheka, akasema hajawahi kupata wageni wenye zamu nzuri namna hiyo. Rafiki yetu hakuenda popote siku zote mbili, na hakuna aliyemuuliza.

Usiku tulikuwa tukisimuliana. Msabato, ambaye kuwakatiza Wasabato wa Kendu Bay wakianza historia ni kazi bure, alitueleza jinsi Injili ya kanisa lao ilivyofika kilima cha Gendia mwaka 1906. Ilikuja na watu wawili: Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka nchi tunayoiita Malawi leo. Nami nikakumbuka somo la dini kuhusu Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Baadaye moto huo ulisambaa Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika. Hayo yalitokea wakati wa ukoloni, ambapo Mzungu na Mwafrika kuketi pamoja kama ndugu lilikuwa jambo la kushangaza. Ukichunguza mwanzo wa imani katika sehemu zetu hizi, aghalabu utawakuta watu wawili waliokubali kutembea pamoja.

Usiku wa tatu, taa ikiwa imezimwa, rafiki yetu alianza kumzungumzia baba yake. Jinsi alivyokuwa akiimba akirudi kutoka machimboni. Jinsi alivyomfundisha hiyo besi. Alilia, na sisi tukamwacha alie. Kisha Mkuria akaomba kwa sauti ya chini, maneno machache tu, na wala hatukumngoja mwenye msiba aseme amina.

Yupo atakayesema kwamba hata asiye na dini aweza kuteka maji. Kweli kabisa, na Mungu ambariki. Lakini sisi tulikwenda kwa sababu tulisadiki kwamba rafiki yetu hajatupwa, wakati ambapo yeye mwenyewe alikuwa hasadiki. Isitoshe, imani ndiyo iliyotupa subira ya kutodai malipo. Msaada unaongoja mtu aokoke ndipo uendelee, huo ni mkopo.

Msidhani kwamba kijana huyu sasa anasimama jukwaani akitoa ushuhuda. La. Muhula huu aliniuliza tu ibada ya jioni huanza saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili. Alikuja saa kumi na mbili na nusu, akaketi karibu na mlango. Juma lililofuata alikuja tena, na katika wimbo wa mwisho nilisikia besi, ndogo, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. Sikugeuka kumtazama.

Ameomba twende kwao tena Desemba, kwani paa la jikoni kwa mama linavuja na mvua za vuli zimeliharibu zaidi. Mabati matano yamepatikana, misumari bado. Nauli kutoka Rongo hadi Macalder imepanda. Anayetaka kuandamana nasi, awe wa dhehebu lolote, anione bwenini kabla ya mitihani.