Ukuta wa Mwalimu



Zipo sinema za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960, zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, zinazosimulia visa vya sayansi ya kubuni: wageni kutoka anga za mbali, nguvu zisizoonekana, hatari inayoikabili dunia nzima. Nyingi hazina rangi wala mitambo ya ajabu. Hata hivyo sisi twazipenda, na sababu yake twaweza kuieleza kwa moja tu: Village of the Damned, yaani Kijiji cha Waliolaaniwa, iliyoongozwa na Wolf Rilla mwaka 1960.

Siku moja watu wote wa kijiji cha Midwich, pamoja na mifugo yao, wanashikwa na usingizi kwa ghafula. Hatuonyeshwi chombo chochote kutoka angani. Twaona maji yakifurika kutoka bombani, pasi ikiunguza nguo, na askari aliyefungwa kamba akiingia kijijini na kindege ndani ya tundu. Baada ya hatua chache anaanguka, na wenzake wanamvuta nje. Adui haonekani, nasi twaogopa zaidi, kwa maana pasipoonyeshwa kitu kila mtazamaji huweka hofu yake mwenyewe.

Hofu yetu sisi ilikuwa ipi? Baada ya usingizi ule wanawake wa kijiji wanapata mimba. Watoto wanaozaliwa wana nywele za rangi ya dhahabu na macho ya kutisha; husoma mawazo ya watu na kuyatawala. Gordon Zellaby, mwalimu wao, anawatetea kwa muda mrefu. Lakini wanapoua watu, anaingia darasani na bomu ndani ya mkoba. Ili wasiigundue siri yake, anawaza ukuta wa matofali tu, mpaka dakika inapofika. Anakufa pamoja nao.

Jioni moja tuliionyesha sinema hiyo kwa vijana wa parokia, tukiwa tumeandaa maelezo mazuri juu ya sadaka ya mwalimu. Hatukuyatoa. Msichana mmoja aliyeketi nyuma aliuliza: «Papa katekista, na ninyi, tukiwauliza maswali magumu, mnawaza ukuta?»

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa tulimkumbuka kijana mmoja wa mafundisho ya kipaimara. Alikuwa ametuuliza Mungu alikuwa wapi siku kaka yake alipouawa. Tulimjibu kwa sentensi moja ya katekisimu, iliyo ya kweli kabisa, kisha tukaendelea na somo. Juma lililofuata hakuja, wala hakuja tena. Tuliisomea kazi ya ualimu, na humo tulijifunza kuliongoza darasa. Siku ile tuliliongoza darasa, tukampoteza mwanafunzi.

Mwaka 1964 kilitoka kisa cha pili, Children of the Damned. Humo watoto sita kutoka nchi sita, mmoja wao Mnigeria, wanakimbilia katika gofu la kanisa mjini London. Majeshi yanawazingira, na bisibisi inayoanguka kwa bahati mbaya inasababisha waangamizwe. Safari hii wenye kutisha ni watu wazima na woga wao. Na Bwana wetu, mitume walipobishana nani aliye mkubwa, alimsimamisha mtoto katikati yao; hakumwekea ukuta.

Tulikwenda nyumbani kwa kijana yule. Mama yake alitupatia kiti. Hatukuwa na jibu jipya, nasi tulimwambia hivyo. Kisha tukamwomba atusimulie habari za kaka yake. Alisimulia mpaka giza likaingia. Kwenye mafundisho hajarudi bado. Lakini tukikutana njiani, sasa husimama kutusalimu.

Katika kikundi chenu, shirikishaneni: ni swali gani mliloacha kuwauliza wakubwa wenu, na ni nani kati yenu aliyeacha kuja kwa sababu hakusikilizwa?