Darubini ya Babu: Kwa Nini Mara 7 Iliishinda Mara 20 Msituni

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Si kwamba nimeishiwa na ya kuandika. Kazi zilinilemea, na pia kulikuwa na jambo la nyumbani. Leo siandiki juu ya programu wala seva. Naandika juu ya darubini, zile za macho mawili, na jinsi nilivyopoteza pesa kwa kusoma namba moja na kuiacha ya pili. Nivumilieni, mtaona ni makosa yale yale tunayoyafanya kwenye tarakilishi.

Kwetu ni Rongai. Ile ya Nakuru, jamani, si Ongata Rongai ya matatu zenye muziki wa kupasua masikio. Hapa kwetu ni mahindi, upepo na mlima Menengai upande wa mashariki. Nilirudi kuishi hapa baada ya chuo, nikapata kazi ninayoweza kuifanya kwa mtandao, na ndivyo nilivyojikuta naishi boma moja na babu yangu.

Babu ana miaka themanini na ushee. Kabla ya mwaka 1977, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji, alikuwa akifanya kazi na wawindaji ndani ya msitu wa Mau. Alianza kama mbeba mizigo, baadaye akawa mfuata nyayo. Mnyama waliyemtafuta sana alikuwa bongo, yule swala mkubwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, mwenye mistari myembamba meupe ubavuni. Bongo hukaa kwenye mianzi na vichaka vizito, na siku nyingi walirudi bila kumwona. Leo bongo wa milimani wanaobaki porini nchini Kenya wanakadiriwa kuwa chini ya 100, katika misitu ya Mau, Eburu, Aberdare na Mlima Kenya. Babu huwataja kama watu wengine wanavyotaja jamaa waliohama.

Mwaka jana daktari wa macho alimwambia ana glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Ugonjwa huu huanza kula pembeni. Unaona mbele vizuri, lakini kando panafifia polepole, na kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone hupunguza mwendo wake tu. Babu alisikiliza yote hayo kimya. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mjukuu wangu, nipeleke msituni mara moja kabla giza halijafika katikati."

Nikasema sawa, babu. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa mitambo, jambo la kwanza nililofikiria ni kumnunulia mtambo.

Nilinunua darubini kwenye duka moja la mtandaoni. Iliandikwa 20x50, na bei yake ilikuwa nafuu kuliko nyingine nyingi zilizoandikwa 8 au 10. Nikajipongeza. Mara ishirini kwa bei ya chini ya mara nane! Ndugu msomaji, kama umewahi kununua simu kwa kuangalia megapikseli pekee, unajua niko wapi katika hadithi hii.

Nilipoijaribu nyumbani ilikuwa ya ajabu. Niliegemeza viwiko kwenye nguzo ya ua, nikaelekeza Menengai, na miti ya huko juu ikaja karibu. Hata babu alicheka.

Jumamosi iliyofuata tulipanda matatu, tukabadilisha Molo, tukafika Elburgon, kisha pikipiki mbili hadi pembeni mwa msitu. Tukapata ruhusa kwa walinzi wa msitu na tukaingia taratibu, babu mbele na fimbo yake. Hatukuwa tukitafuta bongo. Babu si mtu wa kujidanganya. Alitaka kuona mbega, wale kima weusi wenye manyoya marefu meupe mgongoni na mkiani.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Tawi likatikisika. Babu akanyoosha fimbo: "Pale, upande wa kulia wa mti uliovunjika." Hapakuzidi mita thelathini. Nikampa darubini. Akaiinua, akatafuta, akaishusha, akaiinua tena. Nikaichukua nijaribu mwenyewe. Niliona majani. Majani makubwa sana, yanayotetemeka, ya rangi ya kijani iliyochanganyika na giza. Nilisogeza kidogo kushoto, majani mengine. Sikujua niko kwenye mti upi. Wakati ninahangaika na gurudumu la kulenga, mbega walivuka juu yetu na kwenda zao.

Babu alinirudishia bila hasira. "Hii ni ya kuangalia mwezi," akasema. "Zile tulizotumia zilikuwa fupi na pana."

Usiku ule sikulala mapema. Nilifungua kipakatalishi nikaanza kusoma juu ya lenzi, kisha nikaandika kiprogramu cha mistari ishirini hivi kulinganisha darubini mbalimbali. Haya ndiyo niliyopaswa kujua kabla ya kulipa.

Kwanza, maana ya zile namba. Katika 20x50, namba ya kwanza ni ukuzaji: kitu kilicho mita 30 unakiona kana kwamba kiko mita moja na nusu. Namba ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele, kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza upate upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Kwa 20x50 ni milimita 2.5. Kwa 10x42 ni 4.2. Kwa 8x42 ni 5.25. Kwa 7x35 ni 5.

Duara hilo ndilo siri ya msituni. Mchana wa jua kali mboni ya jicho hujifunga hadi milimita mbili au tatu, kwa hiyo 2.5 inatosha, na ndiyo maana Menengai ilionekana safi. Chini ya miti mboni hufunguka itafute mwanga. Kijana anaweza kufika milimita 7 gizani. Mzee huishia 5 au chini yake. Ukimpa duara la 2.5, umemletea giza lingine juu ya giza la msitu. Kinyume chake pia ni kweli: darubini ya 7x50 hutoa duara la milimita 7.1, na kwa mzee mwanga wa pembeni unamwagika bure huku shingo ikibeba uzito.

Pili, upana wa eneo. Kwenye darubini yangu iliandikwa 56m/1000m, nami niliona kama pambo tu. Maana yake ni kwamba ukiangalia umbali wa mita 1000, unaona eneo la upana wa mita 56. Kwa umbali wa mita 30 hiyo ni mita 1.7 tu. Yaani unautafuta mnyama kwenye ukuta wa majani kwa kutumia tundu la upana wa mlango wa mabati. Darubini za mara 8 kwa kawaida hutoa mita 130 hivi kwa 1000, ambayo ni karibu mita 4 kwa umbali ule ule.

Tatu, mtikisiko. Mkono wa binadamu hautulii, na darubini hukuza mtikisiko sawa na inavyokuza mnyama. Mara 20 hutikisika mara mbili na nusu zaidi ya mara 8. Ukipita mara 10 unahitaji kuegemea kitu au kutumia mguu wa kamera, na msituni nani ana nafasi ya kusimamisha mguu wa kamera?

Nne, kina cha kulenga. Ukuzaji ukipanda, sehemu inayoonekana safi mbele na nyuma ya ulipolenga hupungua haraka sana. Kwa mara 20 jani moja liko safi na tawi la nyuma yake ni ukungu. Kila hatua unazungusha gurudumu.

Na la tano ni rangi. Lenzi za ile darubini zilikuwa zinang'aa wekundu, nami nilidhani ni ubora. Wekundu unaouona ni mwanga mwekundu unaorudishwa nje badala ya kuingia. Picha hubaki ya kijani na buluu. Hebu fikiria, mtu anatafuta mnyama wa kahawia nyekundu kati ya majani ya kijani, na darubini yake imekwisha kuufukuza wekundu mlangoni!

Lakini kilichonikaba koo hakikuwa kwenye hesabu hizo. Ilikuwa kama saa saba usiku nilipokumbuka maneno ya daktari: huanza kula pembeni. Babu tayari anaiona dunia kupitia tundu. Darubini huchukua eneo dogo na kulitandaza lijaze macho yote, na kama macho yamebaki na katikati pekee, mtu ataona katikati ya eneo hilo dogo. Nilikuwa nimechukua tundu la babu nikaliwekea tundu jingine mbele. Kwa macho yake, kila ukuzaji nilioongeza ulimpunguzia msitu.

Kwa hiyo nilishuka badala ya kupanda. Nilipata 7x35 ya mtumba mjini Nakuru, ya zamani, mpira umechunika upande mmoja, lenzi zake zikiwa na mng'ao hafifu wa zambarau na kijani. Ubavuni imeandikwa 163m/1000m. Kwa mita 30 hiyo ni karibu mita 5. Ukipima kwa eneo, inaonyesha zaidi ya mara nane ya ile ya kwanza. Kabla ya kulipa niliishika mbali na macho nikaielekeza dirishani, nikahakikisha yale maduara mawili ya mwanga ni mviringo kamili. Kisha nikasoma bango la upande wa pili wa barabara kuona kama macho mawili yanaungana kuwa picha moja bila kuumwa kichwa. Ukinunua ya mtumba, fanya hivyo.

Tulirudi msituni baada ya majuma matatu. Njiani babu alinifundisha jambo ambalo sikulikuta kwenye wavuti wowote. Alisema msituni humtafuti mnyama, unatafuta kipande chake. Sikio. Mstari mweupe usiofuata mwanzi. Kitu kilicholala pale ambapo kila kitu kimesimama. Unakiona kwanza kwa macho matupu, hugeuzi kichwa, unainua darubini mpaka ikutane na macho, ndipo unaiuliza: hiki ni nini? Darubini hujibu swali, haitafuti. Nilielewa basi kwa nini zao zilikuwa fupi na pana.

Ilipita saa moja na zaidi. Kisha tawi, kama mara ile. Babu alisimama, akainua darubini, na mara hii hakuishusha. Mikono yake ilitetemeka kama kawaida, ila haikumzuia. Nilingoja. Nilitaka kumwuliza na nikajizuia.

"Ana mtoto," akasema hatimaye. "Mweupe."

Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe mwili mzima, weusi huja baadaye. Mimi sikuwa nimemwona. Babu alinivalisha ukanda shingoni, akanielekeza tawi kwa tawi, nami nikamwona: kitu kidogo cheupe kimeshikilia kifua cha mama yake, na mama ametulia anatutazama.

Babu aliichukua tena darubini na kuivaa, na hakuivua mpaka tulipofika Salgaa.

Sasa kwa wale wanaotaka jibu fupi. Kama macho yako ni mazima na unaenda msitu mzito, iwe ni kutazama ndege Mau au uko Tanzania ambako uwindaji wa leseni bado unaruhusiwa, chukua 8x42. Kama mikono inatetemeka, au unamnunulia mzee, shuka hadi 7x35. Acha 10x42 kwa mahali pa wazi kama ufuo wa Ziwa Nakuru. Soma namba ya pili, soma ile ya mita kwa 1000, na ukiona lenzi nyekundu kama taa ya breki, endelea na safari. Kwanza kabisa jiulize, kitu unachokitafuta kiko mita ngapi? Msituni huoni zaidi ya mita hamsini. Huhitaji kukivuta, unahitaji kukipata.

Ile 20x50 bado ninayo, imefungwa kwenye nguzo ya ua. Watoto wa jirani huja kuangalia Menengai, na usiku tunaangalia mwezi, kama babu alivyoshauri. Matone anayaweka kila jioni saa mbili, nami nimeweka kengele kwenye rununu nisisahau kumkumbusha. Mwezi ujao, mvua ikiruhusu, tunarudi Elburgon.

Haya, mpaka wakati mwingine. Kaeni salama.