Jumapili Tuliyopimwa

Usharika wetu uko pembezoni mwa Mbagala, wilaya ya Temeke. Jumapili moja, baada ya ibada ya pili, tuliwaalika wahudumu wa afya waje kutupima. Chini ya turubai waliweka mizani, kipimo cha urefu na futi ya kuzungushia kiuno. Mwisho kabisa palikuwa na meza ya presha na sukari.

Mama mmoja wa Umoja wa Wanawake, muuza vitumbua, alipopanda kwenye mizani, kilo zake zilisomwa kwa sauti. Kwaya ikacheka. Nasi tuliovaa kola tukatia utani wetu. Alishuka ameinamisha kichwa.

Akafuata mzee wa kanisa, mwembamba, mwenye mwendo wa kijana. Uzito na urefu wake vilipolinganishwa, akaambiwa yuko vizuri. Akatugeukia: "Baba Mchungaji, sasa foleni ya presha ni ya nini tena kwangu?" Tukamwambia akahesabu sadaka, wenzake wanamsubiri.

Miezi minne baadaye alianguka nyumbani kwa kiharusi. Hospitalini presha yake ilikutwa iko juu mno. Leo anaongea kwa shida, na tunapompelekea Chakula cha Bwana tunamshikia kikombe. Yule mama alipimwa vyote, na siku ile presha na sukari yake vilikuwa sawa. Lakini wiki sita hakuonekana kanisani. Tulikwenda kwake kuomba msamaha, akatukaribisha chai, akasamehe.

Tangu hapo tumejifunza. Hesabu ya kulinganisha uzito na urefu ilianzishwa na Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830. Alitaka kujua mtu wa kawaida katika jamii yake yukoje. Hakuwa akitafuta ugonjwa wa mtu mmoja mmoja. Hesabu hiyo haitenganishi mafuta na misuli. Mbeba mizigo wa bandarini Kurasini anaweza kuandikwa kuwa amezidi uzito kwa sababu ya misuli tu. Futi ya kiuno inasaidia zaidi, maana mafuta ya tumboni ndiyo yenye hatari kubwa. Hata hivyo, mipaka inayotumika sana, sentimeta 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, ilitokana na miili ya Wazungu.

Hatusemi unene hauna madhara. Unaongeza hatari ya kisukari na presha, na anayeambiwa apunguze uzito asikilize. Lakini wembamba si cheti cha afya. Presha ya 140 kwa 90 haionekani kwa macho wala kwa mizani. Na utafiti wa kiharusi uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta ugonjwa huo ni mwingi zaidi hapa jijini.

Sisi wenyewe tuna mizani yetu ya macho. Aliyenenepa tunasema mambo yake mazuri. Aliyekonda tunanong'ona kuwa ana UKIMWI. Nabii Samweli naye, nyumbani kwa Yese, alimwona Eliabu kwa kimo chake akadhani kazi imekwisha. Mungu alimrudi, naye akaendelea kuuliza mpaka Daudi akaletwa kutoka machungani. Kosa letu lilikuwa hilo: tulipata jibu la kwanza, tukaacha kuuliza.

Sasa, siku za kupima, meza ya presha inatangulia, na kila mtu anapita, mnene na mwembamba, mchungaji na mwinjilisti. Kilo za mtu hazisomwi kwa sauti; zinaandikwa kwenye karatasi yake. Wapendwa, kama wewe ni mwembamba na hujapima presha mwaka huu, nenda zahanati wiki hii. Na kama uliwahi kumcheka mtu kwa mwili wake, pitia kwake kwanza.